Maandishi Tu

Jumapili, 4 Februari
(kwenye karatasi)

Fundi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na wewe ndiye nataka ulijue kwanza. Mimi nasikia.

Nasikia vizuri tu. Sasa hivi namsikia mama akisugua sufuria jikoni huku akibishana na redio. Hata sauti yako naijua. Kila unapotuma sauti kwenye kundi letu la simu, hili la watu wenye ulemavu, naiweka sikioni nikiwa nimejifunika shuka, kama mtu anayekula cha wizi.

Ilikuwa hivi. Siku niliyojiunga, Mlezi wa kundi aliniuliza swali analomuuliza kila mgeni: tuweke alama gani mbele ya jina lako, Sauti au Maandishi? Wasioona, na wale kama wewe ambao mikono imewagomea, huwekewa Sauti. Viziwi huwekewa Maandishi. Ya tatu hakuna.

Mimi nina kigugumizi, Fundi. Siyo kile cha kurudiarudia ambacho watoto huiga wakacheka. Changu kinafunga. Neno linafika kooni linakaa hapohapo, mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka, mpaka anayenisubiri anaanza kutazama pembeni kwa aibu yangu. Alama niliyoitaka ni hii: niambieni kwa sauti, nami nitawajibu kwa maandishi. Hakukuwa na alama hiyo, nikachagua Maandishi. Mlezi kwa wema wake akaongeza "tu", ili mtu asinisumbue. Wiki hiyohiyo nikasikia watu wakinitaja kama yule binti asiyesikia. Sikukanusha. Ukishajulikana kwamba unasikia, swali linalofuata ni moja: sasa mbona husemi?

Jana umeniandikia kwa mara ya kwanza, mistari mitatu ya kunikaribisha. Jioni nikakusikia ukimwambia Mlezi mbele ya kundi zima kwamba mistari ile imekula saa nzima na shingo yako inawaka moto. Mlezi akasema basi umwachie mwingine. Ukamjibu, "Mtoto mwenyewe hasikii. Nikikaa na sauti yangu, yeye atabaki na nani?"

Sauti unayo. Ni mikono ndiyo huna. Na mimi nakulazimisha utumie usichonacho.

Mimi huandika kwanza kwenye karatasi, halafu simu ikirudi kutoka chumbani kwa mama nanakili. Kesho nitanakili hii yote, kama ilivyo.

Kimya


Jumatatu, 5 Februari

Shikamoo Fundi,

Asante kwa kunikaribisha. Nimefurahi sana. Mimi ni mwanafunzi, nina miaka kumi na sita, naishi na mama. Jina la Kimya nilijipa mwenyewe.

Tafadhali usijichoshe kuniandikia marefu. Hata neno moja linatosha.

Ni kweli ulikuwa unatengeneza saa?

Kimya


Jumatatu, 12 Februari

Marahaba mwanangu.

Kweli. Miaka mingi, meza moja, dirisha moja. Saa za mkononi tu. Za ukutani nilimwachia jirani, ana mikono kama koleo.

Siku hizi naandika kwa penseli. Naiuma kwa meno, napiga herufi kwa upande wa raba. Binti yangu anasema nafanana na kuku anayedonoa. Ukiona herufi zimepotea usidhani nimelewa.

Neno moja halitoshi. Neno moja ni la kumfukuzia paka.

Fundi


Jumapili, 3 Machi

Shikamoo Fundi,

Nimecheka peke yangu kwa ajili ya huyo paka, mama akaniuliza nacheka nini. Nikamwonyesha kitabu.

Mama hajui kuhusu kundi. Angejua angesema kwetu hakuna mtu mwenye ulemavu, kuna msichana mwenye haya tu. Tukienda dukani ananisemea. Tukienda hospitali ananisemea, hata panapouma anapataja yeye. Ananipenda, najua. Ila wakati mwingine nahisi kama nguo iliyoanikwa, napeperuka tu pale aliponibana.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Kwa ile ya nyumbani tunacheka, kwa ile ya darasani tunaogopa. Zamu za kusoma mbele ya darasa zikifika kwangu, mwalimu humwita wa kushoto kwangu kisha wa kulia kwangu. Zamani niliona raha. Siku hizi natamani akosee anitaje.

Pole na kile kikohozi. Kunywa maji ya moto.

Kimya


Jumapili, 10 Machi

Nani kakuambia nakohoa? Mimi sijaandika.

Fundi


Jumapili, 10 Machi

Mlezi ndiye aliyeniandikia.

Kimya


Jumapili, 17 Machi

Mwanangu,

Mlezi ana moyo. Nimemshukuru. Kaniambia hakumbuki kukuandikia. Ana watu wengi wa kubeba, maskini.

Huyo mwalimu anayekupita hajui kazi. Saa mbovu ikiletwa, fundi wa kubahatisha huitikisa. Anaigonga kwenye kiganja. Mimi naiweka sikioni kwanza. Kuna saa inanyamaza ukadhani imekufa. Unasubiri. Mwenye saa anakuona mjinga, unasubiri tu. Halafu tik. Pale iliponyamaza ndipo penye ugonjwa wake, sasa ukiitikisa utapajuaje?

Nisamehe kukuandikia mambo ya masikio. Ndiyo kazi niliyoijua.

Barua hii nimeianza zamani. Usimwambie binti yangu.

Mimi mzima.

Fundi


Jumamosi, 1 Juni
(kwenye karatasi)

Fundi,

Leo umewasalimia watu kwenye kundi, na nimerudia kusikiliza tena na tena kabla ya kuelewa kwamba umesema habari za jioni. Maneno yako yanaanza kuyeyuka. Mwezi uliopita ilikuwa kama mtu mwenye pipi mdomoni. Leo ni kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya maji.

Kwangu umeandika "mimi mzima". Umeandika hivyo kila barua tangu mwezi wa tatu.

Siwezi kukuuliza. Kiziwi anajuaje kwamba sauti ya mtu inakwisha? Nakaa na jambo ambalo siruhusiwi kulijua. Na kila siku unayoniandikia kwa ile penseli, siku ya sauti yako inapita bure. Sauti hiyo ungeweza kuniletea mimi, ukaniambia habari za saa zote ulizowahi kufungua, mimi nimelala tu nasikiliza.

Nifanye nini ili uache kuandika bila mimi kusema ukweli?

Kimya


Jumapili, 2 Juni

Shikamoo Fundi,

Naomba usiniandikie tena. Nimefikiri sana. Ni bora uache.

Usiniulize kwa nini.

Kimya


Jumapili, 9 Juni

Nimeelewa, mwanangu. Kijana ana mambo yake, na mtu mzima mgonjwa anachosha. Sina kinyongo.

Penseli nitampa mtoto wa jirani.

Soma kwa bidii.

Fundi


Jumapili, 9 Juni

Hapana Fundi, sivyo kabisa. Hujanichosha. Wewe ndiye mtu pekee anayeniandikia. Nilijua unapata taabu nikataka upumzike, nikaandika vibaya, nikaandika kama mtu asiye na shukrani. Nisamehe. Usimpe mtu penseli.

Kimya


Alhamisi, 20 Juni

Sijampa. Imejaa alama za meno yangu, nani angeitaka.

Nikuambie kitu. Mikono imeshaondoka. Sasa sauti nayo inafunga mizigo. Nilikuficha. Kwenye kundi siku hizi watu wananijibu polepole kwa upole mwingi, kama wanamwaga maji kwenye kikombe chenye ufa. Nyumbani vilevile. Nikifungua mdomo naona huruma inawapanda usoni.

Kwako siyo hivyo. Kwako mimi ni maandishi tu, na maandishi hayakohoi. Nikikuandikia bado ni fundi, nina meza, nina dirisha. Wewe ndiye mtu ambaye hajanisikia nikiharibika.

Kwa hiyo usinionee huruma ya shingo. Shingo ni yangu.

Fundi


Alhamisi, 20 Juni
(kwenye karatasi)

Fundi,

Nilikuwa nimeshaandika kila kitu. Karatasi ilikuwa tayari, nasubiri simu tu. Halafu nikasoma barua yako.

Sasa nikikuambia kwamba nasikia, nitakuwa nimekuambia pia kwamba nimekusikia. Miezi yote hii.

Sijui kitu chenye huruma ni kipi.

Kimya


Jumapili, 11 Agosti

Kimya mpendwa,

Mimi ni binti yake Fundi. Natumia simu ya baba. Aliniambia kuhusu wewe, kwamba husikii na kwamba unapenda barua, kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe ili usidhani amekutupa.

Baba hawezi tena kuandika. Ile penseli inamdondoka. Na sauti imekwisha, kabisa, tangu wiki iliyopita. Siku ya mwisho alijaribu kuniita nikiwa uani naanika nguo, nikasikia kama mlango unakwaruza, sikujua kwamba ni mimi naitwa.

Anasikia kila kitu, akili yake nzima. Tuna ubao wa herufi. Napitisha kidole, nikifika kwenye herufi anayoitaka anapepesa macho. Jina lako tumelipata kwa shida, maana mimi nina haraka na yeye hana.

Barua zako namsomea. Anapenda ya paka.

Binti wa Fundi


Jumapili, 18 Agosti

Shikamoo Dada, na shikamoo yake pia umfikishie.

Pole sana. Mwambie juzi mwalimu alikosea, akanitaja. Nilisimama. Sikuweza, lakini nilisimama mpaka kengele ikalia.

Mwambie namsubiri. Hata herufi moja moja.

Kimya


Jumapili, 25 Agosti

Kimya mpendwa,

Nimemsomea. Alipepesa sana pale uliposimama darasani, nikadhani anataka ubao, kumbe alikuwa anafurahi tu.

Kisha akaandika swali. Nilimwambia baba, hilo si jambo la kumuuliza mtu asiyesikia, utamuumiza. Akafumba macho akakataa kuyafungua. Siku hizi ndiyo namna yake ya kubamiza mlango. Basi naliandika kama alivyolitaka, na wewe utusamehe sisi wawili:

KIMYA SAUTI YAKE IKOJE

Binti wa Fundi


Jumapili, 8 Septemba

Kimya mpendwa,

Leo mchana imeingia sauti kutoka kwako. Nimeifungua nikiwa jikoni, nikaiweka sikioni, haina kitu. Kimya tu, na kama mtu anahema kwa mbali. Nadhani simu ilijibonyeza, hata yangu hunifanyia hivyo. Sijamsumbua baba, alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Nakuambia tu ili usije ukadhani ni sisi tumekosea kitu.

Lile swali usilijali. Baba ni mtundu tangu zamani.

Binti wa Fundi


Jumapili, 8 Septemba

Samahani Dada. Ndiyo, simu ilikuwa mfukoni.

Kimya


Jumapili, 13 Oktoba

Kimya mpendwa,

Baba ametutoka Alhamisi alfajiri. Tumemzika jana. Nilitaka uipate kwangu kabla hujaiona kwenye kundi.

Siku zake za mwisho alitaka sauti za watu wa kundi. Nilimwekea simu kwenye mto, karibu na sikio la kushoto, lile la kusikilizia saa. Walimtumia salamu, wengine nyimbo, Mlezi alimsimulia vichekesho vibaya. Alisikiliza zote. Zilipokwisha aliniangalia kama anauliza kama zimebaki nyingine. Nikamwambia hakuna, baba, ndizo hizo.

Wiki ile ya mwisho aliandika maneno machache. Moja nilishindwa kulielewa na linanisumbua, labda nikikuandikia litanitoka. Alitaka jina lako, KIMYA. Halafu akataka KIKOHOZI. Tukampa dawa ya kifua. Akaitema. Akaanza upya, herufi zilezile, jina lako na kikohozi, halafu akataka ANA, mkono wangu ukachoka, na jirani akaingia na uji, nikaweka ubao chini. Nikasema tutamaliza baadaye, baba. Akafumba macho, lakini safari hii hakubamiza. Alikuwa kama anacheka.

Jumamosi watu wa kundi watakutana kwa simu kumkumbuka. Kila mmoja atasema kidogo. Niandikie maneno yako, mimi nitakusomea.

Binti wa Fundi


Jumatano, 16 Oktoba
(kwenye karatasi)

Dada,

Simu ya baba yako iko mezani, au mfukoni mwa gauni lako, na ndani yake kuna ile sauti ya tarehe nane. Nakuomba usiifute. Haikujibonyeza.

Nilikuwa chooni, nimefungulia bomba ili mama asisikie. Nilikuwa nimefanya mazoezi tangu asubuhi mbele ya kioo. Nilitaka kuanza na neno "Fundi", na herufi yake ya kwanza ndiyo inayonigomea kuliko zote. Ningeweza kuanza na neno lingine jepesi, sisi wenye kigugumizi tuna maneno yetu ya kukimbilia. Lakini nilitaka kumwita yeye. Nikabonyeza, nikafungua mdomo, likafunga. Kile ulichosikia jikoni ukadhani ni kimya, ni mimi nikimwita. Uliondoa simu sikioni mapema kidogo tu. Ungesubiri, lingetoka. Lilitoka, Dada. Baada yake nimesema mengine mengi, nimemwambia ninayasikia yote, nimemwambia hata alipokuwa ndani ya maji alikuwa bado ni fundi. Yamekatikakatika lakini yote yamo.

Na uliponiandikia kwamba simu ilijibonyeza, ningeweza kusema hapana. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaona mlango umefunguliwa ili nikimbie, nikakimbia. Nilijiambia nitarudia kesho. Kila kesho nilikuwa na sababu. Yeye muda wote huo amelala na simu kwenye mto, anakuangalia akiuliza kama zimebaki nyingine, na wewe unamwambia hakuna.

Dada, sikuandikii ili ujilaumu. Ungejuaje? Mtu aliyeandikwa Maandishi Tu ametuma sauti, nani angeisubiri? Namjua mmoja tu. Yeye angeiweka kwenye lile sikio la kushoto akangoja, hata watu wamwone mjinga. Lakini hakuna aliyempelekea.

Lile neno lililokusumbua, mimi nimelielewa. Mwezi wa tatu nilimpa pole ya kikohozi ambacho hakuniandikia. Nilikisikia. Akaniuliza nani kaniambia, nikamsingizia Mlezi, na Mlezi akamwambia hakumbuki. Sijui kilimfikia lini kichwani. Labda alilala pale akiwa hana mkono wala ulimi, akabaki na kufikiri tu, akazigeuza barua zangu zote mpaka akafika kwenye kile kikohozi. KIMYA, KIKOHOZI, ANA. Ni "anasikia", Dada. Herufi chache tu zilibaki. Alijua, ndiyo maana aliuliza sauti yangu ikoje. Hakunitikisa. Aliuliza, akanyamaza, akangoja.

Na mimi sikulia tik.

Jumamosi usinisomee. Nakushukuru, lakini maisha yangu yote nasomewa. Mwambie Mlezi aniite zamu yangu kama wengine, na mkiona kimya msiseme simu imekatika. Msinimalizie neno. Kaeni tu. Hata ikichukua muda wenu wote, na hata kama mwisho wake litatoka neno moja, lile la kumfukuzia paka.

Nilitaka pia kukuuliza ile penseli iko wapi, kama hujaitupa, kama unaweza

Redio imezimwa. Namsikia mama kwenye korido, ndala yake ya kushoto inaburuta sakafu. Hatabisha hodi. Aliacha zamani, kwa sababu "karibu" yangu huchelewa, na yeye hufika kabla yake. Naikunja hapa, naiingiza chini ya godoro pamoja na zile nyingine. Amesimama mlangoni. Nataka leo nijaribu kuisema kabla hajashika kitasa